Tanuri la Matofali na Duara la Rangi

Ukitoka Mafinga kwenda Makambako utaona matanuri ya matofali pembeni mwa barabara, mengine yakifuka moshi, mengine yameshabomolewa na matofali yake kupakiwa kwenye lori. Udongo unaofyatuliwa huko mara nyingi una rangi ya kahawia inayoelekea njano, kama chai iliyozidishiwa maziwa, na ukikauka juani unapauka zaidi. Matofali yanapangwa, yanachochewa kuni usiku na mchana, na siku tanuri linapofunguliwa yanatoka mekundu. Hakuna aliyeongeza rangi. Yale ya kingoni, ambayo moto haukuyafikia sawasawa, yamebaki na umanjano wake, hivi kwamba katika tanuri moja unaweza kuziona hatua zote kutoka njano hadi wekundu.

Mwanafunzi wa uchoraji ameambiwa darasani kwamba nyekundu, njano na bluu ni rangi za msingi: hazitengenezwi kwa rangi nyingine, bali nyingine zote hutengenezwa kwazo. Mwanafunzi huyo akisimama mbele ya tanuri ana haki ya kuuliza imekuwaje njano ikazaa nyekundu. Swali lake lina uzito kuliko somo alilopewa. Kanuni ya rangi tatu inahusu kuchanganya. Tanuri linahusu jambo jingine, yaani rangi hiyo ni kitu gani, imetoka wapi, na imefanywa nini kabla haijafika kwenye brashi. Mchoraji anahitaji kuyajua yote mawili, na shule zetu humpa la kwanza peke yake.

Matokeo yanaonekana kwenye picha za mandhari zinazouzwa mijini Mbeya na Iringa. Mkono ni mzuri, mistari imesimama, Mlima Rungwe una umbo lake. Lakini mlima ni wa kijani kile kile kilichotoka kwenye tyubu, anga ni la bluu ya tyubu, na barabara ya vumbi ni nyekundu kama pilipili. Kila rangi inapiga kelele na hakuna inayosikika. Msimamo wangu ni kwamba duara la rangi, ambalo walimu huanza nalo, linafaa kuwa mahali pa kufikia. Mchoraji wa Nyanda za Juu Kusini aanze na udongo wa kwao, aende kwenye mwanga na giza, kisha kwenye ujirani wa rangi. Akifika kwenye duara atalielewa kwa siku moja.

Tuanze na udongo. Njano na wekundu wa ardhi yetu ni kazi ya madini ya chuma. Udongo wa njano na wa kahawia umebeba gothiti, ambayo ni chuma kilichoungana na oksijeni huku kikishikilia maji ndani yake. Ukiuchoma, joto likifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, maji hayo yanafukuzwa na kinachobaki ni hematiti, nyekundu. Ndiyo siri ya tanuri. Jina la gothiti lilitolewa mwaka 1806 kwa heshima ya Johann Wolfgang von Goethe, mshairi wa Ujerumani aliyependa sana mawe, na miaka minne baadaye, 1810, Goethe mwenyewe alitoa kitabu kikubwa kuhusu rangi. Hivyo njano iliyoko kwenye matofali mabichi ya Mafinga inabeba jina la mtu aliyeitafakari rangi kwa miaka mingi ya maisha yake.

Watu wa huku waliijua kazi ya chuma hicho zamani sana. Igeleke, karibu na Iringa mjini, kuna mwamba wenye michoro myekundu ya watu na wanyama. Kondoa, kaskazini zaidi, michoro ya aina hiyo ni mingi kiasi kwamba mwaka 2006 eneo liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro ya wawindaji wa kale ni myekundu, na ile ya wakulima waliokuja baadaye sana ni ya rangi nyeupe. Wekundu ule umedumu kwa sababu hematiti ni chuma kilichokwisha kupata kutu. Jua halina la kukifanya tena. Linganisha na bango lililochapishwa na kubandikwa dukani: baada ya mwaka mmoja wa jua, nyekundu na njano zimetoweka, nyuso za watu zimebaki za bluu kama za wagonjwa. Vikapu vya milulu vya Iringa navyo, vilivyotiwa rangi ya mimea, hupauka vikiachwa nje. Kwa hiyo mchoraji anapochagua nyekundu anachagua pia umri wa picha yake.

Lugha yetu inajua jambo hili kwa namna yake. Katika Kiswahili ni rangi tatu tu zinazokubali viambishi vya ngeli kikamilifu: -eupe, -eusi, -ekundu. Twasema nguo nyeupe, vyungu vyeusi, matofali mekundu. Nyingine zote zimeazima jina la kitu: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari ya jina hilo hilo, zambarau na machungwa kwa matunda, samawati kwa mbingu kupitia Kiarabu. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha utafiti wa lugha nyingi duniani, wakasema kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi, majina hayo huwa ni ya weupe, weusi na wekundu. Utafiti wao umebishaniwa sana, lakini kwa mchoraji hoja hiyo ina maana ya karibu kabisa: hayo matatu ndiyo chokaa, masizi na ngeu, yaani udongo mwekundu, vitu ambavyo binadamu alivipata jikoni na ardhini kabla ya duka la rangi kuwepo.

Na yale majina ya kuazima ni hazina, ingawa wapo wanaoyaona kama dalili ya lugha kupungukiwa. Bibi akisema kitambaa ni cha damu ya mzee, ametaja nyekundu, ameitia giza, na ameipunguza ukali, vyote kwa maneno matatu. Mtu wa rangi ya maji ya kunde si mweusi wala mweupe, na kila msikilizaji anaona kahawia ile yenye wekundu kidogo inayobaki sufuriani kunde zikishaiva. Rangi ya ugoro ni nyingine. Mchoraji anayefikiri kwa majina haya tayari anachanganya rangi kichwani, kwa sababu kila jina linamrudisha kwenye kitu chenyewe, na kitu hakina rangi moja.

Nimesema duara lije mwisho, lakini si haki kuliacha bila kueleza linakokwama. Isaac Newton alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu miaka ya 1660, na katika kitabu chake cha 1704 akazipanga rangi saba za upinde wa mvua kwenye duara. Hilo lilikuwa duara la mwanga. Wachoraji wakatengeneza la kwao, la rangi za kupaka, na hapo mambo mawili yakachanganywa kwa karne nyingi. Mwanga unaongezeka: taa nyekundu, ya kijani na ya bluu zikikutana ukutani zinaleta weupe, na ndivyo kioo cha simu kinavyofanya kazi. Rangi ya kupaka inapunguza. Kila chembe yake humeza sehemu ya mwanga na kurudisha inayobaki, na ukichanganya rangi mbili, zote mbili zinameza.

Ndiyo maana mwanafunzi akichanganya nyekundu na bluu akitarajia zambarau safi, anapata tope. Nyekundu ya kawaida ya dukani ina uchungwa ndani yake, yaani ina njano. Bluu yake mara nyingi inaelekea kijani, nayo ina njano. Alidhani amechanganya rangi mbili, kumbe amechanganya tatu, na tatu zote zikikutana humeza karibu mwanga wote. Wachapaji walilijua hili. Jakob Christoph Le Blon alichapisha picha kwa rangi tatu mwanzoni mwa karne ya 18, na leo printa ya steshenari yoyote ya Mwanjelwa, Mbeya, haitumii nyekundu na bluu bali majenta na sayani, pamoja na njano na nyeusi. Mchoraji mwenye fedha kidogo anaweza kujiokoa kwa kununua nyekundu mbili, moja inayoelekea chungwa na moja inayoelekea waridi, na bluu mbili vivyo hivyo. Zaidi ya hapo duara halimpi mengi.

Kinachompa mengi ni vipimo. Mwaka 1905 Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Boston, alichapisha utaratibu wa kuieleza rangi kwa mambo matatu. La kwanza ni jina lake, kwamba ni nyekundu au njano. La pili ni mwanga wake, iko karibu na weupe au na weusi. La tatu ni ukolezi, imekoza au imepauka. Waliompokea kwa mikono miwili ni wataalamu wa udongo. Hadi leo mtu anayepima mashamba, awe Uyole, Mbeya, au katika nchi nyingine yoyote, hubeba kijitabu cha Munsell chenye vipande vidogo vya rangi, akashika bonge la udongo karibu na vipande hivyo na kuandika namba. Udongo unaoandikwa 2.5YR 4/6 huitwa mwekundu, na 10YR 5/6 ni wa kahawia ya manjano. Tazama namba hizo za mwisho. Ukolezi wa udongo unaoitwa mwekundu ni 6 tu, wakati nyekundu ya tyubu huvuka 12. Udongo ambao macho yetu yanauapia kuwa mwekundu una nusu ya ukali wa rangi tunayoupakia. Hapa ndipo barabara ya vumbi inapogeuka pilipili.

Kati ya mambo hayo matatu, mwanga na giza ndio nguzo. Nenda Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, ambako zana za mawe za kale ziliripotiwa mwaka 1951 na ambako mvua imechonga bonde na kuacha minara mirefu ya udongo. Mtu akiulizwa atasema minara ni myekundu. Akae nayo kuanzia saa tatu asubuhi. Upande wa jua ni wa waridi iliyopauka, karibu nyeupe. Upande wa kivuli ni zambarau ya kijivu. Matabaka yanapishana, moja la njano, moja la majivu, moja la kutu. Akifinya macho majina ya rangi yanapotea, yanabaki mabonge ya mwanga na giza, na hayo ndiyo yanayomwambia mtazamaji kwamba mnara ni wa duara na jua liko kushoto. Siku hizi ipo njia rahisi: piga picha mchoro wako kwa simu, uiondoe rangi. Kama minara imelala bapa kwenye picha ya kijivu, hakuna nyekundu itakayoisimamisha.

Mvua nayo hufundisha somo hilo hilo. Rungwe sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Iringa mjini haifiki nusu ya hizo. Udongo wa volkano wa Tukuyu ni mweusi tangu asili, na ukilowa unazama zaidi, hivyo kijani cha migomba na chai kinasimama juu ya giza. Iringa kiangazi ardhi ina mwanga kuliko majani, na miti inakuwa madoa meusi juu ya sakafu yenye mwanga. Mchoraji anayehamisha mbinu za Tukuyu kuzipeleka Iringa bila kugeuza mpangilio huo atachora nchi isiyokuwepo.

Sasa ujirani, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Kifaransa, alisimamia upakaji wa rangi za nyuzi kwenye karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi ni dhaifu, hazina weusi wa kutosha zikikaa kando ya bluu. Chevreul alizipima akakuta hazina kasoro. Kasoro ilikuwa ya jirani. Kitabu chake cha mwaka 1839 kilionyesha kwamba kila rangi humsukuma jirani yake kuelekea upande ulio kinyume nayo: nyekundu humfanya jirani aonekane na ukijani, bluu humfanya aelekee chungwa, na mwanga humfanya jirani aonekane na giza zaidi.

Mama anayetia bluu kwenye maji ya kusuuzia mashati ya shule yuko kwenye jambo hilo hilo la kinyume. Shati jeupe likizeeka linakuwa na umanjano. Bluu kidogo, iliyo kinyume cha njano, inaufuta, na jicho linaona weupe. Kipimo kingeonyesha kwamba mwanga umepungua kidogo, lakini jicho halihesabu mwanga peke yake. Mafundi waliotia bluu hiyo hiyo kwenye chokaa ya ukutani walijua hivyo. Kwa muda mrefu bluu ya kufulia ilitengenezwa kwa bluu ya kiwandani iliyogunduliwa Ufaransa miaka ya 1820, badala ya ile iliyokuwa ikisagwa kutoka kwenye mawe ya Afghanistan na kuuzwa ghali kupita kiasi.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kung'aa, zile za makopo, juu ya mbao laini za dari. Rangi hizo hazichanganyiki kwa upole, na zikikauka ni bapa. Hakuwa na njia ya kuzilainisha, akazipanga. Chui wa njano juu ya ardhi ya bluu, mstari mweusi unaomzunguka, madoa meupe yanayozuia rangi mbili zisigombane: ni elimu ya Chevreul iliyofikiwa kwa mkono na jicho. Aliuawa mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na mtindo ukabaki. Wanaomwiga bila kutazama wanachukua mnyama na kuacha ujirani, na picha inakufa.

Porini, ujirani huo upo kila Septemba na Oktoba. Kabla ya mvua, miombo ya milima ya Iringa huchipua majani mekundu, ya shaba na ya waridi, na kila tawi linalobaki kijani linaonekana kijani maradufu. Ni wiki chache tu. Ningekuwa mwalimu, ningefunga darasa na kuwapeleka watoto wote kwenye milima ya Kitonga.

Umbali nao una rangi zake. Ukiwa Matema ukitazama Milima ya Livingstone ikiambaa na Ziwa Nyasa, kila mkunjo wa mlima ni wa samawati zaidi kuliko ulio mbele yake. Hewa iliyo kati yako na mlima hutawanya mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu, jambo ambalo Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza kwa hesabu mwaka 1871, na bluu hiyo inakuja kulifunika giza la msitu. Wengi wanalijua hilo, lakini wanalisahau la pili: vitu vyeupe vya mbali haviwi bluu, vinakuwa vya manjano, kwa sababu mwanga wao umepotezewa bluu njiani. Mawingu ya upeo wa macho yapakwe njano kidogo. Msimu wa kuchoma nyasi kanuni hubadilika tena, kwa kuwa chembe za moshi ni kubwa na hutawanya rangi zote karibu sawa. Mwezi wa tisa Loleza, juu ya jiji la Mbeya, ni mlima wa kijivu cha maziwa. Mvua za kwanza zikiosha hewa unasogea karibu kama umeletwa kwa mkono.

Na jioni? Panda Gangilonga, juu ya mji wa Iringa, nusu saa baada ya jua kuzama. Paa za vigae na kuta za matofali zilizokuwa zinawaka zinakuwa nyeusi kwanza, huku majani yakibaki na weupe fulani wa ajabu. Jicho linapohamia kwenye kuona kwa mwanga mdogo linapoteza nyekundu kabla ya kijani na bluu. Jan Purkinje wa Bohemia aliliandika hilo karne ya 19. Picha ya machweo yenye matofali mekundu na giza la usiku kwa pamoja inasema uongo ambao kila mkazi wa Iringa anauhisi hata kama hawezi kuueleza.

Kuhusu ngozi ya watu nitasema machache, ingawa inastahili makala yake. Kwa miaka mingi kalamu za rangi za watoto zilikuwa na moja iliyoitwa rangi ya mwili, na mwili huo ulikuwa wa Mzungu. Kampuni ya Crayola ilibadilisha jina hilo mwaka 1962. Tulilorithi ni tabia ya kuichora ngozi nyeusi kwa kahawia na nyeusi ya tyubu, ikatoka kama ubao. Tazama paji la uso la mtu mweusi aliyesimama nje adhuhuri: mng'ao wake ni wa bluu, kwa sababu linarudisha anga. Sikio lenye jua nyuma yake ni jekundu. Chini ya kidevu kuna joto la ardhi nyekundu linalopanda. Giza la ngozi lichanganywe kwa ngeu na bluu nzito, ndipo linapumua.

Anayetaka kuanza hahitaji fedha nyingi. Achimbe udongo wa njano, auloweke, auchuje kwa kitambaa cha kanga kuukuu, aache utuame, aukaushe. Nusu yake aikaange kwenye kikaango kikuukuu juu ya jiko la mkaa, nje, hadi igeuke nyekundu. Masizi yapo chini ya sufuria. Weupe ni rangi ya maji ya ukutani, na gundi nyeupe ya seremala iliyopunguzwa kwa maji itashika vyote. Hapo ana rangi nne. Masizi na njano vikikutana havitoi kahawia kama anavyotarajia, vinatoa kijani kizito cha misonobari ya Sao Hill. Njano zaidi na weupe kidogo, kinakuwa kijani cha chai changa ya Mufindi. Nyekundu na masizi ni damu ya mzee. Kisha achore minara ya Isimila kwa ngeu, na juu yake, mahali pa anga, apake masizi na weupe tu, kijivu kitupu. Kando ya wekundu ule unaoelekea chungwa, kijivu kitageuka samawati machoni pake, na mgeni atakayeitazama picha atauliza ile bluu aliinunua wapi.